Spinachi ya nyanda za baridi: anza kuhesabu na sakitu ya Juni

Kama unaishi Njombe, Makete au popote kwenye Nyanda za Juu Kusini ambako watu huota moto hata jua likiwa limeshatoka, bila shaka umeshaambiwa kwamba spinachi ni mboga ya baridi, kwa hiyo panda tu wakati wowote. Maneno hayo ni kweli nusu. Spinachi iliyokwisha kushika mizizi huvumilia usiku ambao ungeumaliza mchicha wote bustanini. Mche wenye majani mawili hauvumilii.

Mwaka mmoja nilipanda mwezi wa Mei, kwenye kinyungu, bustani yetu ya bondeni yenye unyevu mzuri. Katikati ya Juni niliamkia sakitu, yaani umande ulioganda ukawa barafu nyembamba juu ya kila kitu. Miche ilikuwa imesimama wima, migumu, inang'aa kama vioo. Nikajipa moyo. Kufika saa nne jua lilikuwa limeiyeyusha barafu, na miche imelala chini, myeusi, kama iliyomwagiwa maji ya moto.

Je, unapanda spinachi ipi? Uliza dukani, kwa sababu jina moja lina mboga mbili. Ile ya mafungu ya sokoni, yenye majani mapana yaliyokunjamana na kikonyo kinene cheupe, ni ndugu wa bitiruti. Mbegu yake ni kidonge kikavu cha kahawia chenye makunyanzi, na ndani ya kidonge kimoja mna mbegu zaidi ya moja. Usishangae miche mitatu ikitoka shimo moja. Aina iliyozoeleka ni Fordhook Giant. Spinachi ya pili ni fupi, ina majani laini madogo, na hupendwa zaidi na hoteli. Hiyo huvumilia baridi kuliko ya kwanza, lakini huvunwa kwa muda mfupi. Kwa mlo wa nyumbani mimi ningechagua ya vikonyo vyeupe, maana ukiitunza utaichuma miezi mingi.

Sasa tarehe. Huku mvua huanza Novemba na kuishia Aprili au Mei, kisha hufuata ukavu na baridi, na sakitu hupiga zaidi kati ya Juni na Agosti. Anza na Juni, urudi nyuma. Sehemu zenye joto spinachi huanza kuchumwa baada ya miezi miwili hivi. Huku kwetu weka mitatu. Ukitaka Juni ikute mimea yenye majani manene, sia mbegu mwishoni mwa Februari, na usivuke katikati ya Machi. Wa juu zaidi, kuelekea Kitulo, waanze mapema Februari. Ukichelewa, afadhali usubiri: sia kitaluni katikati ya Agosti chini ya kichanja cha nyasi, uhamishie shambani Septemba, umwagilie mpaka mvua zirudi. Unaweza pia kupanda Desemba na Januari, ila mvua nyingi huleta madoa kwenye majani. Hapo inua matuta na uache nafasi ya upepo kupita.

Mbona jirani wa mlimani hupona na wewe wa bondeni unaunguliwa? Hewa ya baridi ni nzito. Usiku huteremka kama maji na kutuama chini. Vinyungu vyetu vina udongo mzuri na maji, lakini ndiko sakitu inakolala. Msimu wa baridi weka spinachi kwenye mteremko, juu kidogo ya bonde, na kinyungu ukiachie zao la Septemba.

Mbegu za vidonge zilowekwe usiku kucha kwenye maji ya kawaida. Zifukie kina cha sentimita 2, si zaidi. Udongo ukiwa na baridi, kuota huchukua wiki mbili hata tatu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kufukua. Kama una wasiwasi na mbegu yenyewe, funga kumi kwenye kitambaa kibichi, weka karibu na jiko, uzihesabu baada ya siku kumi. Zikiota chini ya tano, nunua nyingine.

Tuta la mita 1 kwa 5 linatosha familia. Changanya debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita mbili za mraba. Udongo wetu mwingi una uchachu, ndiyo maana chai inastawi, lakini spinachi haiupendi. Nyunyiza majivu ya jikoni kiasi, au umwombe afisa ugani wa kata akushauri kuhusu chokaa ya kilimo. Panda mistari mitatu, mche hadi mche sentimita 25, nawe utapata miche kama 60. Ile ya ziada usiitupe, ni mboga tayari.

Gharama? Pakiti ndogo ya mbegu kwenye duka la pembejeo huwa chini ya bei ya kilo ya nyama. Tazama tarehe ya kuisha na lebo ya TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu nchini. Samadi mara nyingi unaipata kwa jirani mwenye ng'ombe, na nyasi za kufunikia ni nguvu zako tu.

Utajuaje kwamba usiku huu sakitu itapiga? Angalia mbingu baada ya magharibi. Mawingu ni blanketi. Nyota zikionekana zote, upepo umetulia na vidole vinauma, toka ukafunike. Simika vijiti, tandaza nyasi au mfuko wa salfeti juu yake bila kugusa majani, na asubuhi jua likishapasha ondoa. Mchana wake mwagilia udongo, kwa kuwa udongo wenye maji hutunza joto kuliko mkavu.

Na sakitu ikikuwahi, usiguse majani yakiwa yameganda, yatavunjika. Subiri barafu iyeyuke, kata ya nje yaliyoungua, uache kile kitovu cha katikati. Kikiwa bado kijani, ndani ya wiki chache kitachipua tena.