Chupa ya Soda Si Ushahidi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Wanaolinda Mto wa Kijiji

Machi 2022 maji ya Mto Mara, upande wa Tanzania, yaligeuka meusi yakanuka, na samaki wakaelea wamekufa. Wakazi wa kando ya mto ndio waliotangulia kuona, kama ilivyo ada. Serikali ikazuia maji yasitumike, ikaunda timu chini ya Profesa Samwel Manyele, na timu ikaja na jibu: kinyesi na mikojo ya mifugo, pamoja na mimea iliyooza, vimemaliza oksijeni majini. Wengi waliguna. Walikumbuka mwaka 2009, maji yenye tindikali yalipovuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara yakaingia Mto Tigithe. Wakauliza: ng'ombe wamekunywa humu tangu enzi za mababu, iweje samaki wafe leo?

Sifungui kesi hiyo hapa. Swali langu ni kwa kila kijiji chenye mto: siku kama ile ikibisha hodi kwenu kesho, mna daftari la kuonyesha maji yalikuwaje wiki iliyopita? Kama hamna, mna uchungu tu, na uchungu haupimwi maabara.

Haya ni kwa mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji, mwanachama wa jumuiya ya watumia maji, mvuvi, na yeyote aliyejitwika kazi hii bila posho. Ukali wangu usikuudhi. Anayechafua maji ana wakili. Wewe una kalamu na kaunta buku.

Anza kuandika mto ukiwa mzima. Chagua vituo vitatu: kimoja juu ya makazi, kimoja pale watu wanapoteka, kimoja chini, mto ukishakiacha kijiji. Kila wiki, siku ileile, saa ileile. Bila kituo cha juu huwezi kusema uchafu umeingilia wapi. Mwenye mtambo atakuambia umeshuka na maji kutoka kwa majirani, nawe utabaki umekodoa macho. Andika tarehe, saa, mvua ya jana, rangi, harufu, povu, na kimo cha maji kwenye mti uliouchomeka ukautia alama. Tafuta na karatasi za kupimia tindikali. Mito mingi husoma kati ya 6.5 na 8.5; siku karatasi itakaposoma 4, usiendelee kupima ukiwa peke yako. Ita shahidi.

Pindua na mawe. Mto mzima una wadudu chini ya mawe yake, na wapo wasiovumilia uchafu hata kidogo. Afrika Kusini raia wa kawaida, wakiwemo wanafunzi, huangalia aina za wadudu hao na kuupa mto alama, kwa njia inayoitwa miniSASS. Wale wadudu dhaifu wakitoweka, mto umeshaanza kuugua kabla pua yako haijapata habari. Huna haja ya majina yao ya kisayansi. Wachore.

Usimpe daftari mtu asiyekwenda mtoni. Najua mwenyekiti atalitaka, maana ana meza. Mpe mama anayeteka maji kila siku saa 12 asubuhi. Ndiye anayejua kwamba ndoo ya leo imeacha utando ambao ya jana haikuacha. Kama hajui kuandika, mwanawe aandike anachosema mama, si anachofikiri yeye. Ila kuchota sampuli ya maji yanayoshukiwa si kazi ya mtoto. Kamwe.

Samaki wakifa, hesabu kwanza. Kulaani kutafuata.

Andika saa ulipowaona wa mwanzo. Oksijeni ya majini huwa chini kabisa karibu na alfajiri, kwa sababu usiku kucha viumbe na mimea vimeivuta na hakuna jua la kuirudisha. Samaki wanaokosa hewa utawakuta asubuhi na mapema wakihema juu ya maji. Andika ukubwa wao: hewa ikipungua, mara nyingi wakubwa hutangulia, sumu mara nyingi huanza na wadogo. Halafu andika aina, jambo ambalo karibu kila mtu hulipita. Kamongo huvuta hewa ya juu kama wewe na mimi, na kambale naye ana kiungo cha kumwezesha kufanya hivyo. Ukikuta sato na ningu wameelea lakini kambale wanakatiza maji kama kawaida, hoja ya oksijeni ina uzito. Ukikuta kambale na kamongo nao wamegeuza matumbo juu, lipo swali jingine la kuuliza, na uliulize kwa maandishi.

Hakuna alama hata moja kati ya hizi inayotosha yenyewe. Lakini zikiandikwa zote siku ileile, zikawekwa saini na watu wawili, mtaalamu atakayekuja wiki moja baadaye itambidi azijibu. Mto wakati huo utakuwa umeshajisafisha. Daftari halijisafishi.

Usile samaki hao, usiwauze, wala usiwakaushe ukidhani jua linaua sumu. Wachache wafunge kwenye mfuko safi, uwaweke kwenye barafu ya wachuuzi, wangoje maabara.

Usichote maji kwa chupa ya soda. Niliwahi kukaa kwenye basi kwa saa sita nikiwa na chupa mbili mapajani, zote za soda ya machungwa, nimezisuuza kwa maji ya bomba na kujiona mtaalamu. Mtu wa maabara alifungua moja, akanusa, akaniuliza nimeleta mto au juisi. Nilikasirika njia nzima ya kurudi. Baadaye nikaelewa kwamba alinisaidia: ningepeleka majibu ya chupa ile mbele ya wakili, angenichana vipande kwa swali lilelile.

Kwa hiyo piga simu maabara kabla ya balaa, uulize chupa gani inatakiwa kwa sumu gani, na uzihifadhi kijijini zikiwa safi na zimefungwa. Maji ya kupimwa metali huongezwa tindikali kidogo ili metali isigande kwenye kuta za chupa. Ya kupimwa sianidi hutendewa kinyume chake, na hufichwa mbali na jua, kwani jua na hewa huivunja sianidi. Sianidi haingoji kamati ipate akidi. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi Mwanza. Kwa mtu wa Tarime au Rorya hiyo si safari fupi, basi nauli itengwe mapema kwenye mfuko wa kijiji, si kuchangishana siku ya msiba.

Chota kwenye vituo vyote vitatu, pamoja na cha juu. Chupa iandikwe mahali, tarehe, saa na jina la aliyechota. Kila inapobadilisha mikono, anayetoa na anayepokea watie saini. Dereva wa bodaboda aliyeibeba naye atie saini. Atacheka. Atie tu.

Anza na uchafu wa nyumbani. Hapa wengi watanuna. Huwezi kuunyooshea mgodi mkubwa kidole huku mwalo wa kuoshea dhahabu wa shemeji yako unamwaga zebaki kwenye korongo lilelile. Mialo mingi ya wachimbaji wadogo iko karibu na maji kwa sababu kusafisha mchanga kunataka maji. Zebaki inayodondoka pale haiozi, inatafuta tope la chini na kuingia kwenye samaki. Kuna wanaochoma zebaki kwenye jiko la mkaa ndani ya uwanja, watoto wameketi kando wakingoja uji. Mwambie shemeji. Akikataa, mwandike, kama ambavyo ungemwandika mgeni.

Na wewe mwenye bustani, pampu ya dawa usiisuuze mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Chukua kamba, pima mita 60, ukiwa na wajumbe wote. Mara nyingi kitu cha kwanza kinachoangukia ndani ya kamba ni nyanya za mjumbe. Heri aibu hiyo mjitie wenyewe kuliko kutiwa na mwanasheria wa kampuni.

Usimdharau paka. Minamata, Japani, paka wa wavuvi walikuwa wakiyumba na kurukaruka kama waliorogwa kabla ugonjwa wa watu haujatambuliwa rasmi Mei 1956. Walikuwa wakila samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani. Serikali ya Japani ilikuja kukiri chanzo mwaka 1968. Miaka 12! Basi bata wanaozunguka ovyo, mbuzi waliotupa mimba mfululizo, ng'ombe waliokataa maji waliyoyazoea, vyote viingie daftarini na tarehe zake. Usiandike "sumu." Andika ulichokiona: "Mbuzi watatu wa boma moja wametupa mimba ndani ya siku nne; wote hunywa kituo cha chini." Neno sumu mwachie mwenye kipimo.

Watu wakiugua, wapeleke zahanati na udai cheti. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilipowamwagia wakazi madini ya risasi, mwanaharakati Phyllis Omido na wenzake hawakuishia kuandamana. Damu ilipimwa, ya watoto pia. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa zikafuata, kama kawaida ya fedha nyingi. Lakini bila majibu ya damu kusingekuwa na cha kukatia rufaa.

Usirushe sauti kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kupeleka barua. "Jamani tumekwisha, mgodi umefungulia sumu usiku!" Sauti hiyo itafika Dar es Salaam kabla hujamaliza chai, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina adhabu kwa anayesambaza taarifa za uongo. Ukikosea neno moja, kesi inageuka kuwa yako, na mto unasahaulika. Kuwaonya watu wasitumie maji ni lazima na ni papo hapo: piga filimbi, piga ngoma, tumia kipaza sauti cha msikiti au kanisa. Sema "maji yamebadilika, msiyatumie." Usitaje mtuhumiwa. Picha piga, zinazoonyesha mahali, lakini zibaki kwenye simu mbili na zisiongezwe rangi.

Andika barua, nakala ipigwe mhuri. Kwa mtendaji wa kijiji, kwa afisa mazingira wa wilaya, kwa Bodi ya Maji ya Bonde. Kwa anayelinda Mto Mara, hiyo ni ya Bonde la Ziwa Victoria. Taarifa ya mdomo ofisini ni salamu. Mhuri wa "IMEPOKELEWA" na tarehe yake ndio utakaouliza, miezi sita baadaye, nani alijua na lini.

Dai pia ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi ulio jirani yako. Sheria ileile ya 2004 inampa mwananchi haki ya kupata taarifa za mazingira. Ndani ya ripoti mwenye mradi ameahidi mambo: bwawa la tope liwe na tabaka la kuzuia maji yasipenye, visima vya kupimia vichimbwe hapa na pale, maji yapimwe kila baada ya muda fulani. Ni rahisi zaidi kumbana mtu kwa ahadi yake kuliko kwa tuhuma yako. Kama ripoti ni ya Kiingereza, mtafute mwalimu wa sekondari. Mpe kuku, si lawama, atakapochukua wiki mbili.

Usipokee. Fulana, posho ya kikao, nafasi ya kijana wako kazini, safari ya mafunzo iliyolipwa na unayemchunguza. Mabati ya zahanati? Yapokelewe na serikali ya kijiji mbele ya mkutano, yaandikwe, na mkono wa mlinzi wa mto usiyaguse. Nimeona kamati nzima ikinyamaza kwa ng'ombe mmoja wa sikukuu. Alikuwa amenona, nakubali.

Usiruke uzio, usizuie magari, usimkamate mtu. Wewe si polisi. North Mara watu wamekwisha kuuawa kwa risasi, Mei 2011 ikiwa mfano mmoja tu. Mto unapita nje ya uzio, na ushahidi wako wote uko nje. Nenda wawili wawili, mchana, njia inayojulikana. Ukitishwa, andika hilo pia, na ujue kuna Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Daftari liwe na nakala nyumba nyingine ambayo haitajwi hadharani.

Soma daftari kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kila baada ya miezi mitatu. Hata kama hakuna kilichotokea. Hasa kama hakuna kilichotokea: "Wiki 12, maji safi, karatasi imesoma 7, kambale wapo." Watu watapiga miayo, na wazee wawili watauliza kwa nini mnapoteza muda. Acha wapige. Siku utakaposoma wiki ya 13, hakuna atakayesema umetunga jana usiku.

Daftari likijaa, usilitie moto jikoni, usiwape watoto wachoree, na usimpe mama wa vitumbua afungie. Andika namba kwenye jalada, liweke sandukuni mbali na mchwa, nunua jingine.