Niliyojifunza Kwenye Daftari la Mangi

Mtaani kwetu Dar es Salaam, duka la jirani tunaliita kwa Mangi hata kama mwenye duka si Mchaga. Kwa miaka minne nimekuwa nikipunguza madeni ya majirani pale bila wao kujua.

1. Daftari linajua kuliko jirani.
Ni kauntabuku iliyong'oka jalada, kalamu imefungwa kwa uzi. Siku hiyo nilikuwa natafuta ukurasa wangu, nikapitia wa mama mmoja wa nyumba ya nyuma. Juu kabisa: unga kilo mbili, sukari, sabuni. Chini kidogo: unga kilo. Kisha unga nusu, kiberiti. Mstari wa mwisho: unga robo. Nilikuwa nikisalimiana naye kila asubuhi, naye akijibu "nzuri tu."

"Dada, niandike nini hapa?" Mangi aliniuliza nilipotoa hela. Nikamwambia aandike imelipwa, basi.

2. Kumfutia mtu mmoja deni lote kunaweza kumletea balaa.
Hili bado linaniuma. Nililipa shilingi 38,000 zote za yule mama, nikaenda zangu nimefurahi. Jioni mume wake alifika dukani akifoka: ni mwanamume gani anamlipia mke wangu? Mangi alimwapia kwamba aliyelipa ni mwanamke, lakini ugomvi ulikuwa umeshaingia nyumbani, na aliyeubeba ni yule mama. Nilikuwa nimefikiria kujificha mimi, sikufikiria atakayebaki kuulizwa maswali. Tangu hapo nalipa kurasa tano au sita kwa mkupuo, kila mmoja kidogo, wa kwangu ukiwemo. Likiwa la wengi, hakuna wa kunyooshewa kidole.

3. Wenzetu walishaigundua njia hii zamani.
Uturuki, tangu enzi za Waosmani, matajiri walikuwa wakiingia mwezi wa Ramadhani kwenye maduka ya mitaa wasikojulikana, wanaomba daftari la madeni, zimem defteri, wanalipa kurasa kadhaa na kuondoka. Mlipaji hamjui mdaiwa, mdaiwa hamjui mlipaji. Desturi hiyo ipo hadi leo. Mimi nawajua wa kwangu, na ndiyo maana kazi yangu ni ngumu zaidi.

4. Simu ina mdomo.
Ukituma pesa kwa simu, jina lako linatangulia. Noti mkononi mwa Mangi haisemi.

5. Usiye na hela una damu.
Chupa moja ni kama mililita 450. Mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Huwezi kujua imeingia kwa nani, wala yeye hatakujua.

6. Kazi kubwa ni kuubana ulimi.
Mwaka jana yule mama tuligombana bombani. Alisema ndoo yangu imeruka foleni, akaniita mchoyo mbele ya watu, akasema tangu ahamie hapa sijawahi kumsaidia hata chumvi. Maneno yalinijaa mdomoni: ile robo ya unga, ile 38,000. Ningeyatoa, yangekuwa masimango, na kila senti ingegeuka deni jipya ambalo hana ukurasa wa kulilipia.

Nikamwambia, "Samahani, dada, tangulia." Nikarudisha ndoo yangu nyuma ya yake.