Amri nne za Git za kuandika daftarini

Wadau, msimu wa projekti umefika, na kila mwaka naona mtu anaanza upya kazi ambayo haikuwa imepotea. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, haisahau haraka. Daftarini kwangu nimeandika hivi:

1. `git status` – anza na hii kabla hujagusa kitu.

2. `git restore kazi.py` – inafuta mabadiliko ambayo hujayafanyia `git add`. Angalia sana, hayo hayarudi.

3. `git revert HEAD` – inatengua komiti ya mwisho kwa kuongeza nyingine mpya. Historia inabaki, wenzako wa kikundi hawavurugikiwi.

4. `git reflog` – mkombozi wenyewe. Umepiga `git reset --hard`, komiti hazionekani? Usilie. Itakuonyesha HEAD ilikopita. Chukua namba ya komiti unayoitaka, kisha:

`git branch uokoaji a1b2c3d`

Usikawie tu, maana kwa kawaida kumbukumbu ya komiti iliyoachwa hivyo hudumu siku 30.

Ila reflog inakaa kwenye kompyuta yako peke yake. Ikiibiwa, imekwenda nayo. Kwa hiyo fanya komiti mara kwa mara, na kabla ya kulala, `git push`.