Funza katika maembe: kazi ya majirani wote



Katika uwanda wa Ruzizi na kando ya Ziwa Tanganyika, mwembe wa nyumbani ni chakula cha watoto na pia ni pesa ya chumvi na sabuni. Lakini embe likipasuliwa likakutwa na funza, maneno huanza. Mwenyeji anaweza kusema ni mkosi ulioletwa na wageni, na mgeni akasema amerogwa. Katika somo hili tumjue adui wa kweli.

Adui ni nani?

Ni inzi wa matunda. Aina moja yenye kuharibu sana ilitoka Asia. Iligunduliwa nchini Kenya mwaka 2003, kisha ikaenea katika nchi nyingi za Afrika. Inzi jike hutoboa ganda la tunda na kutaga mayai. Mayai huwa funza, nao hula tunda kutoka ndani mpaka linaoza na kuanguka. Funza hutoka, huingia udongoni sentimita chache, na baada ya siku kumi hivi hugeuka inzi mpya. Hakuna uchawi hapo.

Tufanye nini?

1. Tuokote matunda yote yaliyoanguka, angalau mara mbili kwa juma.
2. Tuyafukie katika shimo la kina cha nusu mita au zaidi, tushindilie udongo. Au tuyatie katika mfuko mweusi wa plastiki, tuufunge na kuuacha juani siku kadhaa. Tusiyatupe jalalani.
3. Tuchume maembe yakiisha kukomaa, kabla ya kuivia mtini.
4. Tusiwaue maji moto, wale sisimizi wekundu wanaojenga viota kwa majani, maana huwafukuza inzi. Kuku nao hula funza wakichakura chini ya mti.
5. Tusinyunyize dawa ya sumu juu ya matunda. Haiwafikii funza walio ndani, na watoto wanaweza kuyala.

Kwa nini pamoja?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukisafisha kwetu na jirani akaacha maembe yaoze, inzi watavuka ua na kurudi. Hivyo wenyeji na jamaa zilizohama makwao wanahitajiana.

Lakini kuna neno la kusemwa kwanza. Mahali pengi kwetu, kupanda au kutunza mti huonekana kama kudai udongo. Mwenyeji huogopa kupoteza shamba. Aliyehama naye huogopa kufanya kazi miezi mingi, kisha asionje embe hata moja. Kila mmoja ana sababu yake.

Tunawaomba viongozi wakutanishe pande zote mbili kabla ya msimu. Wapatane mbele ya mashahidi: udongo na mti ni vya nani, nani ataokota matunda siku gani, na mavuno yatagawanywa namna gani. Mapatano yaandikwe, kila upande ubaki na karatasi yake. Kutunza mti si kuumiliki, lakini kazi inastahili mgawo.

Maswali ya kuzungumzia

- Katika mtaa wetu, matunda yaliyooza hutupwa wapi?
- Nani analaumiwa miti ikiharibika, na kwa nini?
- Ni nani tutakayemwomba asimamie mapatano, mtu ambaye pande zote mbili zinamwamini?