Dondoo muhimu: Kuchagua diski ya masafa ya kati

Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huku hubadilisha mruko wa diski. Anayeanza gofu ya diski azingatie haya:

• Soma namba nne za diski. Ni kasi, kuelea, kugeuka na kukata mwishoni. Diski ya masafa ya kati huwa na kasi ya 4 au 5.

• Chagua inayonyooka. Buzzz ya Discraft (5, 4, -1, 1) ni mfano mzuri. Roc ya Innova hukata zaidi mwishoni.

• Kumbuka mwinuko. Hewa nyepesi huifanya diski igeuke kidogo na kukata mapema. Yenye kugeuka -1 itakufaa kuliko ya 0.

• Pima uzito. Gramu 165 hadi 172 zinamtosha anayeanza. Zilizo karibu na 180 hustahimili upepo wa kiangazi.

• Angalia plastiki. Ya bei nafuu hushikika vizuri wakati wa mvua, lakini huchubuka upesi kwenye changarawe. Ya daraja la juu hudumu.

• Rangi. Epuka nyekundu na kahawia, zinapotea kwenye udongo wetu. Buluu huonekana.

• Usalama. Cheza mbali na mashimo ya machimbo. Vumbi la huku lina kobalti: nawa mikono na uoshe diski kabla ya kula.

Nunua moja, uizoee vizuri, ndipo uongeze nyingine.