Dondoo muhimu: Kuuza notsi na vitabu vya kidijitali

Anza na bidhaa moja inayotatua shida ya leo: notsi za kidato cha nne, mapishi ya keki, au jedwali la bajeti ya harusi. Mengine yatafuata.

Kwenye malipo ndiko wengi hulizwa. Tumia lipa namba yenye jina la biashara, maana mteja akikutana na jina asilolijua husita. Usitume faili kwa kuoneshwa picha ya muamala, picha hughushiwa. Angalia salio lako kwanza, hata kama mteja analalamika.

PDF itasambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, huwezi kuzuia kabisa. Andika jina la mnunuzi kila ukurasa. Wengi wataona haya kuigawa. Punguza ukubwa wa faili pia, bando ni ghali.