MTEGO HAUCHAGUI MGUU



Msitu wa kijiji ni mali ya wote. Akina mama huokota kuni na uyoga humo. Wafugaji hupitisha ng'ombe na mbuzi. Warina asali huendea mizinga yao, na watoto huchuma matunda. Mtega wanyama naye huingia, akaficha mtego wake na kuondoka bila kumwambia mtu. Ugomvi huanzia hapo. Mtego umefichwa ili mnyama asiuone, kwa hiyo hata binadamu hauoni.

Mitego inayoumiza watu

1. Kitanzi cha waya. Wengi hutumia waya wa breki ya baiskeli. Ukinasa mguu, kadiri unavyovuta ndivyo unavyokaza, mpaka damu inashindwa kupita. Waya uliosahauliwa huendelea kutega kwa miezi mingi.

2. Mtego wa chuma wenye meno. Huu hukata nyama na unaweza kuvunja mfupa.

3. Rima, yaani shimo lililofunikwa kwa majani. Pengine ndani yake huchomekwa miti iliyochongwa.

Huduma ya kwanza

Usivute mguu kwa nguvu. Kama ni kitanzi, sogea kuelekea kwenye kigingi ili waya ulegee, kisha fungua. Kama ni mtego wa meno, watu wawili wakanyage spiringi zake kwa pamoja. Kama mti umechoma mwilini, usiuchomoe. Funga nguo kuuzunguka usitikisike.

Damu ikitoka nyingi, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Ikishakatika, osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni. Usipake udongo, majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Ukidhani mfupa umevunjika, funga mguu kwenye miti miwili iliyonyooka, ndipo mgonjwa abebwe.

Mbwa akinaswa, mfunike kichwa kwa gunia kabla ya kumfungua, kwani mbwa mwenye maumivu humng'ata hata bwana wake. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha tiba siku hiyo hiyo apate ushauri wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huo zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Usifiche jeraha

Adui mkubwa wa jeraha la mtego ni pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na hupenda jeraha lenye kina. Dalili huanza mara nyingi kati ya siku 3 na 21: taya kukaza, shingo kukakamaa, na mwili kupata mikazo yenye maumivu. Akina mama wengi huchanjwa wakiwa wajawazito, lakini wanaume wengi hawajachanjwa tena tangu utotoni. Ikiwa jeraha ni chafu na miaka 5 imepita tangu chanjo yako ya mwisho, unahitaji kuchanjwa tena.

Lakini watu huchelewa kuja kwa sababu ya hofu. Nchini Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na inakataza kuwinda kwa vitanzi na mashimo bila idhini. Basi mtegaji aliyenaswa na mtego wake husema amejikata kwa jembe, au hulala nyumbani akingoja jeraha lipone lenyewe. Ndugu yangu, kazi ya zahanati ni kutibu. Tuambie ukweli ili tujue jeraha lina kina gani. Mguu ukishaoza, ukweli utakuwa umechelewa.

Tuelewane kijijini

Mtegaji, wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Ondoa nyaya zako na ufukie mashimo yako. Kama wanyama wanaharibu shamba lako, mwone afisa wanyamapori upate njia iliyo halali.

Nanyi mnaoumizwa, msilipize kisasi kwa kuwatilia sumu mbwa wa mtegaji. Sumu nayo haichagui. Kuku na watoto wako hapo hapo. Ukiona mtego, weka alama juu ya mti, onya wenzako na mwarifu mwenyekiti wa kitongoji. Shauri hilo lipelekwe kwenye mkutano wa kijiji, lisemwe wazi mbele ya wote. Watoto wafundishwe kupita njia inayojulikana na kutogusa waya wowote porini.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Nani na nani hutumia msitu wenu, na hupita wapi?
2. Mtu akinaswa na kitanzi cha waya, mtafanya nini kwanza?
3. Nani kati yenu anakumbuka alichanjwa pepopunda mwaka gani?
4. Kwa nini mtu huficha jeraha la mtego, na kijiji kifanye nini ili asifiche?